Ndege Walionyamaza Uani

"Wamenyamaza tena," mzee alisema. Alikuwa bado amelala chali, macho juu kwenye dari, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Mkewe alikuwa na kiberiti mkononi, anataka kuwasha jiko la chai. Akasimama hapo hapo. Maana nje, kwenye ua wa michongoma unaopita nyuma ya dirisha lao, shore walikuwa wanagombana kama watu waliokatiana foleni ya maji. Shomoro wamejaa kwenye ukingo wa bati, hawaambiani la maana lakini wote wanasema kwa pamoja. Na chiriku, yule mmoja wa kila siku, amekaa kwenye kamba ya nguo anaimba mpaka unafikiri kifua kitapasuka. Kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha mama huyu, wala si jogoo wala si saa.

"Unasemaje?" akauliza.

"Ndege. Hawapo. Nimemsikia tetere, na yule dudumizi wa kule bondeni. Wadogo wote kimya. Siku ya ngapi hii?"

Mkewe aliwasha njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikashika. Akageuka, akamtazama mumewe usoni, ndipo akajibu; maana siku hizi alikuwa amejizoeza hivyo, kugeuka kwanza.

"Labda baridi, baba watoto."

"Baridi gani? Wakati ule wa baridi yenyewe walikuwa wanaimba. Mimi nakwambia kuna kitu kinawaua, na kinaanza na wadogo. Dawa ndivyo inavyofanya kazi. Kuku akila sumu, vifaranga ndio wanaotangulia."

Mama akamimina maji kwenye sufuria. Huko nje chiriku alikuwa hajapumzika hata kidogo.

Sasa mzee huyu mtaa mzima ulimwita Mzee Unga. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga nafaka, na ukimwona jioni anarudi, nyusi nyeupe, masikio meupe, mpaka vinyweleo vya puani vyeupe, usingehitaji kuuliza kwa nini. Alitoka nyumbani giza halijaisha, akarudi jua limezama. Kwa hiyo ndege wake aliwajua kwa sauti tu, kitandani, ile nusu saa kabla ya kuvaa suruali. Huyu shore dume, huyu chozi amekuja kunyonya maua, huyu kurumbiza amepita tu hakai. Mfukoni kila jioni alirudi na chenga za mahindi zilizofagiwa sakafuni, akazimwaga chini ya michongoma, akaingia ndani. Nani alikula hakuona. Asubuhi ndiyo walikuwa wanamwambia asante, yeye akiwa kwenye shuka.

Binti yao, msusi, alitoka chumbani kwake anafunga kitambaa kichwani. Akaamkia, akachukua mkate.

"Jana nimemwona Kiroba wenu wa kinuni," akasema, mdomo umejaa. "Anabeba matofali kule wanakojenga ghorofa. Amekonda huyo, baba, utasema amechongwa."

"Nani?"

Binti akameza. "Kiroba."

Mzee akashika kikombe kwa mikono miwili. "Kiroba alijitafutia mwenyewe. Nati imeingia kwenye mahindi, ameiona kwa macho yake, hakuniita. Mashine imevunjika nyundo tatu na chekeche. Halafu anasimama mbele ya tajiri anasema aliita mara tatu! Mara tatu! Mimi nilikuwa hapo hapo, hatua nne, nimempa mgongo nafunga gunia. Masikio yangu mimi ndiyo kazi yangu. Beringi ikianza kuugua naisikia wiki mbili kabla."

"Na kweli," alisema mkewe, akageukia jiko.

Lakini hakuwa anasema kweli. Siku ile mumewe aliporudi na habari ya nati, alijua kosa ni la nani. Alitaka kumwambia: baba watoto, juzi sufuria imeanguka nyuma yako hukushtuka. Alitaka kumwambia: mimi nakuita uani unaendelea kumwaga chenga. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake Kiroba akafukuzwa, na neno likawa zito kuliko lilivyokuwa jana. Kila siku likaongezeka uzito. Ukimwambia mtu hasikii, unamwambia pia na jambo la Kiroba. Na ukimwambia jambo la Kiroba unamwondoa kwenye swichi ya mashine. Na mwanamume yule bila swichi yake atakuwa nani? Basi akawa anageuka kwanza, anasema taratibu, anakaa mbele.

Na mzee mwenyewe angejuaje? Hebu fikiria. Kwenye kinu hakuna anayesikia mtu. Wanasomana midomo, wanapeana ishara: ngumi juu maana yake zima, kiganja wazi maana yake washa, vidole viwili lete gunia. Miaka na miaka mtu anaishi hivyo, macho yake yamekuwa na masikio. Sauti nene za watu na za mashine aliendelea kuzipata, nyingine kwa miguu kupitia sakafuni. Zile nyembamba ndizo zilizoondoka, moja moja, bila kuaga.

* * *

Siku yake ya mapumziko mzee aliamua kufanya uchunguzi. Alitoa kiti, akakiweka uani katikati ya mchana kweupe, akakaa anatazama michongoma. Mkewe alikuwa anaanika nguo. Hakukumbuka lini alimwona mumewe amekaa nje jua likiwa juu.

Ndege wakaja. Hilo lilimshangaza mzee. Shomoro sita, saba. Shore wawili wenye vichwa vyeusi, mmoja akainua manyoya ya kisogoni kama mwenye hasira. Kumbe ndivyo alivyo! Mzee alifikiri shore ni ndege mkubwa zaidi, kwa ile sauti. Halafu chiriku akatua kwenye kamba, kwenye nafasi kati ya shati na foronya, manjano mbichi, mdogo kama limau. Akainua kichwa. Koo likaanza kutetemeka. Mdomo ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka.

Mzee akainuka kitini polepole.

Mdomo ulikuwa unakwenda. Koo linakwenda. Sauti hakuna.

"Mama!" akaita kwa nguvu, chiriku akaruka. "Mama, umeona? Umemwona yule? Amekatwa sauti!"

Mkewe alikuwa na shuka lililolowa mikononi. Maji yakamchuruzikia miguuni.

"Anajaribu kuimba hawezi. Wote hivyo hivyo, nimewatazama. Wanafungua mdomo bure." Akageuka upande wa pili wa ua, na hapo akaona anachokitafuta. "Eti baridi. Tazama pale!"

Upande wa pili jirani yao alikuwa kwenye bustani yake ya kabichi na nyanya, bomba la dawa mgongoni, bomba hilo hilo lililompa jina: Mama Bomba. Mwanamke wa maneno huyo. Hakuna aliyewahi kugombana naye akatoka na neno la mwisho. Hata mume wake, Mungu amrehemu, watu walisema alikufa akiwa bado anasubiri nafasi ya kujibu.

"Wewe mama! Zima hilo bomba!"

Mama Bomba akainua kichwa. "Salamu kwanza hakuna? Tunaanza na zima?"

"Dawa yako inaua ndege zangu!"

"Ndege zako? Umewanunua wapi, tupate bei?"

"Wamekuwa bubu! Wamekunywa sumu kwenye majani yako wamekuwa bubu!"

Mama Bomba akasimama sawasawa, mkono kiunoni. Juu ya michongoma, katikati yao kabisa, shore walikuwa wamerudi na ugomvi wao ule ule. "Baba wewe umekunywa nini leo? Hawa wanaonitia wazimu tangu alfajiri ndio bubu? Mimi ningelipa waniuzie hiyo dawa ya kuwafanya bubu!"

Lakini alivyoanza kusema aliinama kuvua bomba, na mdomo wake mzee hakuuona mpaka alipoinuka mwishoni. Alichopata ni ngurumo tu na mwisho wake: "...dawa ya kuwafanya bubu."

"Amekiri!" mzee alimwambia mkewe. "Umesikia? Amekiri mwenyewe! Hili litafika kwa mzee wa mtaa."

"Baba watoto, tuachane nalo."

"Tuachane nalo? Leo ndege, kesho binti yako anakula nyanya za pale."

Mkewe akaanika shuka lile, akalinyoosha, akalinyoosha tena mahali palipokwisha nyooka. Kama kulikuwa na saa ya kusema ilikuwa ndiyo ile. Ilipita.

* * *

Mzee wa mtaa alikuja na daftari lake na masharubu yake. Mzee Unga hakumpenda mtu huyu, alimlaumu siku zote kwamba anamung'unya maneno. Kisa kilikuwa masharubu yale, yalifunika midomo yote. Walikuja na majirani wanne watano ambao hawakuitwa, maana shauri la Mama Bomba lilikuwa tamasha la bure. Wakasimama uani kwa Mzee Unga, kando ya michongoma, ili mambo yaonekane. Msusi alikuwa ameacha kichwa cha mteja nusu, akaja na kitana mkononi.

Mama Bomba alifika amebeba bomba lake, akaliweka chini mbele ya watu. "Hili hapa. Linuseni. Sabuni na majivu! Dawa yenyewe niliacha kununua tangu ilipopanda. Na baada ya hapa nataka anisafishe jina langu mbele ya watu hawa hawa."

"Utapata nafasi yako, mama," alisema mzee wa mtaa. "Mlalamikaji kwanza. Mzee Unga, eleza."

Mzee Unga alikuwa anamtazama binti yake. Binti akamwonyesha kwa kidevu: ni wewe. Akakohoa. Alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Ndugu zangu. Mimi si mtu wa kesi. Mnanijua. Lakini ndege wa ua huu nimeishi nao. Walikuwa wanaimba, hata aliyekuwa anaugua alikuwa anapata nafuu. Sasa mwezi wa pili huu kimya. Nikasema wamehama. Kumbe hawajahama, wapo! Wamekatwa sauti. Nimewaona kwa macho yangu."

Mmoja wa majirani akacheka kidogo, akafikiri ni utani. Mwingine akampiga kikumbo.

"Mnacheka. Haya. Tazameni wenyewe." Akanyoosha kidole. "Yule pale, kwenye kamba."

Watu wote wakageuka. Chiriku alikuwa amekaa mahali pake pale, kati ya vibanio viwili, na alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba kama amelipwa. Sauti ilipanda, ikazunguka, ikarudi chini, ikapanda tena, uani pote na barabarani.

"Mnaona mdomo?" alisema Mzee Unga. "Mnaona koo linavyokwenda? Maskini, anajitahidi. Hakuna kinachotoka."

Hapo hakuna aliyecheka. Aliyecheka mwanzo alitazama viatu vyake. Mzee wa mtaa alifungua daftari akalifunga. Chiriku peke yake ndiye aliyeendelea, akamaliza wimbo, akaanza mwingine.

Mama Bomba alikuwa na maneno tayari mdomoni, ya kumtosha mtu mpaka mwaka ujao. Ukimtazama ungeyaona yamejipanga. Akamtazama yule mzee, na shati lake la kutokea, na kidole chake ambacho bado kilikuwa kimenyooka kuelekea kamba ya nguo. Akayameza yote.

"Basi," akasema. Akasogea mbele ya mzee, akasema taratibu. "Basi, ndugu yangu. Huenda ni dawa yangu kweli. Sitapiga tena upande huu. Kosa langu."

Na hilo ndilo lililomwambia. Angemtukana, mzee angerudi ndani na hasira yake akalala salama. Lakini Mama Bomba kukubali kosa? Mama Bomba? Mzee alishusha kidole. Akatazama nyuso moja baada ya nyingine, na mtu aliyesoma nyuso kwenye vumbi la unga maisha yake yote hakuhitaji taa. Wote walikuwa na uso mmoja: uso ule wa watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Binti yake ameuma kitana. Mkewe anatazama chini.

Akamwendea mkewe. Akasimama mbele yake.

"Anaimba?"

Mkewe akainua uso. Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa hivi? Hivi tunavyosimama hapa?"

"Anaimba, baba watoto."

Mzee akageuka akamtazama chiriku muda mrefu. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa kunyata. Jamani, kunyata! Kumkimbia kwa kunyata mtu asiyesikia.

* * *

Walikaa ndani wao watatu. Chai ilipoa. Msusi alianza kusema habari ya daktari wa masikio, mteja wake mmoja baba yake alipata kifaa. Akawa anapaza sauti na kupanua mdomo kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Usinipanulie mdomo," mzee alisema. "Mimi si mjinga. Rudi kwa mteja wako, umemwacha nusu kichwa kama aliyenyonyolewa."

Binti akacheka huku analia, akatoka.

"Tangu lini?" mzee akamwuliza mkewe.

"Mvua zilizopita. Labda kabla."

"Na ulinyamaza."

"Ningekuambiaje? Kila siku unaingia hapa unasema masikio yangu ndiyo kazi yangu. Nikasema, nikimwambia, nitakuwa nimemchukulia kitu ambacho siwezi kumrudishia."

Mzee akakodolea macho chai iliyopoa. Mkewe alifikiri ana hasira naye, akajiandaa kuzipokea, maana aliona ni haki yake. Lakini mzee alikuwa hayupo chumbani kabisa. Alikuwa kinuni, amempa mtu mgongo, anafunga gunia kwa kamba, mizunguko mitatu na fundo. Vumbi. Miguuni sakafu inanguruma. Halafu mlio ule wa chuma, ambao ulimfikia hata yeye. Aligeuka, akamwona Kiroba ameacha mdomo wazi. Na yeye, mbele ya tajiri, akaapa. Aliapa kwa Mungu.

"Mara tatu," akasema.

"Nini?"

"Aliniita mara tatu." Akasema polepole kama anayehesabu. "Mimi nimemfukuzisha mtu kwa sababu alifungua mdomo, mimi nikaona hakuna kilichotoka."

Mkewe akaweka mkono juu ya mkono wake. "Hukujua."

"Sikujua. Sasa najua. Leo najua, kesho nikienda kusimama pale kwenye swichi itakuwa nini?"

Mkewe alijua itakuwa nini, na alijua pia wakifuata njia ile jikoni kutakuwaje. Alitaka kusema ngoja kwanza. Ngoja mwezi huu uishe. Neno lilifika kwenye meno. Akakumbuka neno jingine alilolingojesha, lilivyonenepa.

"Vaa viatu," akasema. "Nitakusindikiza mpaka njia panda."

* * *

Mzee alimkuta Kiroba kwenye ujenzi, matofali manne begani, kitambaa kimefungwa shingoni. Alikuwa mtu mfupi mwenye mgongo mpana, na aliitwa Kiroba kwa sababu gunia lake na yeye mwenyewe ulikuwa huwezi kutofautisha nani kambeba mwenzake. Alimwona mzee akaendelea kutembea.

"Kiroba."

"Niko kazini, mzee."

"Simama nikuone uso. Usiponigeukia sitakusikia."

Kiroba akasimama. Akageuka nusu.

"Siku ile uliita," mzee alisema. "Sikusikia. Masikio yangu yamekwisha, nami sikujua. Nimekuvunjia kazi na nimekuita mwongo. Wewe hukusema uwongo."

Waliokuwa wanachanganya saruji wakaacha makoleo. Kiroba alishusha tofali moja, la pili, akayapanga chini vizuri kuliko ilivyohitajika.

"Mke wangu alinishangaa," akasema hatimaye. "Hata yeye aliniuliza, hivi kweli uliita? Unajua hiyo, mzee? Nyumbani kwangu. Maana wewe ukisema kitu pale kinuni ni kama kimeandikwa. Na mimi nikaanza kujiuliza, hivi kweli niliita?"

"Uliita."

"Niliita mpaka koo likaniuma siku mbili."

"Njoo kesho asubuhi kwa tajiri. Nitasema mbele yako."

"Atakutoa."

"Ndiyo."

Kiroba akapangusa mikono kwenye suruali. Hakusema asante, na mzee hakuitegemea. "Nitakuja," akasema, akarudisha matofali begani.

* * *

Tajiri alikuwa na kiofisi cha mbao ndani ya kinu, na kila kitu mle kilikuwa na vumbi jeupe mpaka kalenda. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo mzee hakulisahau: akageuza kiti, akamtazama Kiroba aliyesimama ukutani, akasema kitu kisogo chake kikiwa kwa mzee. Alikuwa anapima. Mzee aliona mabega yake yanatikisika kidogo kama ya mtu anayesema, basi.

Tajiri akageuka. "Nimesemaje?"

"Sijui," alisema Mzee Unga. "Ndicho ninachokuambia."

Kiroba alitazama mlango. "Tajiri, haikuwa lazima hiyo," akasema.

Tajiri akasugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mashine inayoweza kukata mkono. "Umenisagia miaka hii yote, mzee wangu. Lakini kwenye swichi siwezi kukuweka tena. Kiroba arudi leo. Wewe... kuna magunia ya kushona. Siku mbili tatu kwa wiki. Ukae kule nyuma, mbali na mikanda."

Kushona magunia ilikuwa kazi ya wanaoanza. Mzee aliitikia. Akatoa funguo za kiboksi cha swichi mfukoni, zimetoka pamoja na chenga za mahindi, akaziweka mezani. Chenga mbili tatu zikabaki juu ya meza. Alitaka kuzifuta, akaziacha.

* * *

Sasa asubuhi ambazo haendi kushona anakaa uani. Amechukua kiti kile kile, na mkewe ameleta kigoda. Mwanzo alikaa kwa kununa, kama aliyelazimishwa kuhudhuria sherehe. Lakini macho hayawezi kununa siku nyingi. Aligundua chozi haogopi mtu hata akiwa hatua mbili. Aligundua shomoro jike ndiye mkali, dume anapigwa. Aligundua tetere akitembea anaitikia kila kitu kwa kichwa, kama karani mbele ya bosi. Miaka yote wamelala jirani, hakuyajua haya.

Mkewe alijifunza ishara za kinuni. Hawakupanga, ilianza tu. Ndege akiimba, anainua kiganja wazi kwenye goti: washa. Akinyamaza, anafunga ngumi: zima. Wapo wengi pamoja, anapunga mikono yote miwili kichwani, kumaanisha mashine imeshindwa, na mzee anacheka. Mama Bomba akiwaona kutoka upande wake anauliza kwa sauti kama wanacheza karata bila karata. Halafu anakumbuka, anazunguka michongoma, anamwuliza tena usoni. Hajapoteza maneno yake hata moja, yule, ila siku hizi anayatembeza.

Asubuhi moja walikuwa wamekaa hivyo. Chenga zilikuwa zimekwisha. Wiki ile mzee hakuitwa kushona magunia, na shomoro walikuwa wanapekua vumbi wanamtazama mzee kama mtu anayedaiwa.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni, nyuma yao.

Mkewe akasikia. Mzee alikuwa anamtazama chiriku aliyetua kwenye kamba.

"Hodi hapa."

Mama akaanza kugeuka, akaona ni nani, akajizuia. Akarudisha mikono kwenye mapaja.

"Hodi," Kiroba akasema mara ya tatu. Akangoja. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka nyusi, ametoka zamu ya usiku. Alimtazama mzee kisogo muda kidogo, kile kisogo ambacho alikipigia kelele siku ile. Kisha akaanza kutembea. Akapita kando ya ukuta, akainama chini ya shuka lililoanikwa, akazunguka kiti chote mpaka akafika mbele, mahali ambapo mzee angemwona.

Akatia mkono mfukoni, akautoa, akaunyoosha, kiganja wazi. Kilikuwa kimejaa chenga.

Mzee alitazama kile kiganja, akatazama uso uliokuwa juu yake. Akasogea pembeni ya kiti, nusu yake ikabaki wazi, akaipangusa vumbi kwa mkono ili mgeni akae.

Kwenye kamba, chiriku alifungua mdomo. Mzee akamtazama mkewe. Lakini safari hii Kiroba ndiye aliyewahi: alimwaga chenga chini, akainua tena kiganja kile kile, kitupu, akakiacha juu mpaka wimbo ukaisha.